Mtoto Mwenye Mpira Kichwani Aambiwe Ukweli

Kwetu Kigoma, mtoto akiamka kichwa kinamuuma, akatapika chai ya asubuhi na kutaka kulala tu, hakuna anayejiuliza mara mbili. Ni malaria. Anapelekwa zahanati, anatobolewa kidole, anapewa dawa ya mseto, anarudi nyumbani kulala. Mara nyingi uamuzi huo ni sahihi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa wetu juu ya mikoa yote: kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa, karibu 24 walikutwa na vimelea. Mzazi wa hapa anayewaza malaria kwanza hajakosea.

Lakini wapo watoto miongoni mwetu ambao kwao dalili hizohizo zinaweza kuwa na maana nyingine kabisa, na saa zinazopotea wakisubiri mseto ufanye kazi zinaweza kuwagharimu macho, akili au uhai. Ni watoto waliofanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa na kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Wengi walifanyiwa wakiwa wachanga. Leo wako darasa la pili, la tatu, la tano. Na wengi wao hawajui wanabeba nini.

Naandika haya nikiwa Mwanga, hapa mjini Kigoma, mahali ambapo mama hutoka alfajiri kwenda Kibirizi kuwahi dagaa, baba yuko ziwani na taa zake mpaka jua lipande, na mtoto hubaki na bibi au hujiandalia mwenyewe kwenda shule. Katika maisha ya namna hii, mtu mmoja tu ndiye aliye pamoja na mtoto saa zote: mtoto mwenyewe. Kama yeye hajui habari za mpira wake, siku utakapoziba hakutakuwa na wa kusema. Ndiyo maana nasema mtoto huyu aambiwe, aambiwe mapema, aambiwe ukweli, na afundishwe kuusema kwa mdomo wake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu hatuwezi kumweleza mtoto jambo ambalo sisi wenyewe hatulielewi. Ndani ya ubongo wa kila binadamu kuna vyumba vinne vidogo vyenye maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa mchana na usiku, na kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia yake ikiziba, au yakishindwa kufyonzwa, hujaa na kuusukuma ubongo. Kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijashikana, kichwa hutanuka, utosi huvimba na macho huelekea chini. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine huwa na mgongo wazi pia. Na katika ukanda wetu wapo wengi wanaoupata baada ya maambukizi yaliyofika kwenye ubongo katika majuma ya mwanzo ya maisha: huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake waligundua kwamba karibu watoto sita katika kila kumi waliowatibu waliupata kwa njia hiyo. Hakuna laana hapo wala mkono wa jirani. Kuna njia ya maji iliyoziba.

Tiba iliyoenea zaidi ni mpira, ambao madaktari huuita shanti. Ni mrija mwembamba wa silikoni wenye vali ndogo. Ncha moja huingizwa kwenye chumba cha ubongo kupitia tundu dogo la fuvu. Mrija hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, ukashuka shingoni na kifuani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa bila madhara. Vali huruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na kwa kiasi. Daktari huacha urefu wa ziada tumboni ili mtoto akue nao. Kwa nje utaona kinundu kidogo nyuma ya sikio na, kwa mtoto mwembamba, mstari kwenye shingo. Si kila mtoto mwenye kichwa kikubwa huwekewa mpira. Kuna upasuaji mwingine, ambao Warf aliukuza kule Mbale, unaofungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo bila kuacha kifaa mwilini. Hata hivyo watoto wenye mpira ni wengi. Katika Afrika kusini mwa Sahara inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 100,000 hupata tatizo la maji kichwani kila mwaka.

Bei ya mpira pia inatofautiana. Mwaka 2005 Warf alichapisha matokeo ya kulinganisha mpira wa India uitwao Chhabra, uliogharimu dola 35, na mpira wa Codman Hakim uliogharimu dola 650. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa Uganda waliowekewa ule wa bei nafuu hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Habari hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa nchi kama zetu: kifaa chenyewe kinaweza kufika. Kinachobaki ni kumtunza mtoto aliyekipata.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mpira huharibika. Huziba, hukatika, huchomoka, huambukizwa, au mtoto hurefuka hadi ncha yake ikatoka mahali pake. Hilo halitokani na uduni wa hospitali zetu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali kumi za Amerika Kaskazini na Ulaya na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba karibu mipira minne katika kila kumi ilipata hitilafu ndani ya mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu ndani ya miaka miwili. Mzazi aliyeambiwa siku ya kuruhusiwa kwamba mtoto amepona ameambiwa nusu ya habari. Mtoto amepata nafuu, na nafuu hiyo inategemea kifaa kinachohitaji kuangaliwa maisha yake yote.

Sasa tazama dalili za mpira ulioziba kwa mtoto mkubwa kidogo, ambaye fuvu limekwisha kushikana na haliwezi tena kutanuka. Kichwa huuma, hasa asubuhi. Hutapika. Husinzia isivyo kawaida. Wakati mwingine huona vitu viwiliviwili, huyumba akitembea, hukasirika ovyo, au alama zake shuleni huporomoka bila sababu. Mpira ukiambukizwa, jambo linalotokea zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, huongezeka homa, maumivu ya tumbo, au wekundu unaofuata mstari wa mrija. Mganga wa zahanati yoyote kati ya Gungu na Ujiji akisikia homa, kichwa na kutapika, ana sababu zote za kuwaza malaria.

Liko jambo ambalo ningependa kila mzazi wa mkoa huu alishike. Kipimo cha malaria kikiwa na majibu ya ndiyo, hakiuondoi mpira kwenye orodha. Mahali ambapo watoto wengi hutembea na vimelea mwilini, mtoto anaweza kuwa na malaria na mpira ulioziba kwa siku hiyohiyo. Mseto utaua vimelea, maji yataendelea kupanda. Kwa hiyo atibiwe malaria yake, na papo hapo mpira uangaliwe. Swali la kuuliza ni moja tu na halina gharama: mtoto huyu ana mpira? Nani atalijibu kama mama yuko mnadani na aliyempeleka zahanati ni mwalimu wa zamu?

Atalijibu mtoto, kama alifundishwa.

Najua kwa nini wazazi wengi hunyamaza. Kwanza ni uchungu. Mama aliyepita miezi ya mwanzo ya mtoto wake akitazamwa kichwa cha mwanawe kwenye foleni ya kliniki, akisikia minong'ono ya uchawi na laana, pengine akiachwa na mume katikati ya hayo yote, hataki kuirudia hadithi hiyo. Upasuaji ulipofanikiwa, kichwa kikaacha kukua na nywele zikafunika kovu, aliona ni heri jambo lizikwe. Pili ni malezi yetu: mambo ya hospitali ni ya wakubwa, na mtoto akiuliza sana huambiwa akacheze. Tatu ni hofu kwamba akijua ataogopa, au atawaambia wenzake wamcheke.

Nauheshimu uchungu huo, lakini wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa methali inabeba uzito wake wote. Tena ukimya wenyewe haumlindi mtoto na hofu. Mtoto wa miaka sita ana vidole. Anapojikuna anakipapasa kinundu nyuma ya sikio. Anaogeshwa na anaona kovu tumboni ambalo kaka zake hawana. Anasikia shangazi akishusha sauti anapoingia. Asipopewa maelezo atajitengenezea yake, na maelezo ya mtoto kuhusu kitu kigumu kilicho chini ya ngozi yake huwa ya kutisha kuliko ukweli: mdudu, kitu alichorogewa, adhabu ya kosa fulani. Hofu hiyo anaibeba peke yake, kwa sababu amekwisha kuelewa kwamba jambo hili halizungumzwi.

Basi azungumziwe vipi? Watu wa ufukwe huu tuna mfano mzuri kuliko kitabu chochote, na kila mtoto wa Kigoma anauona akisimama mlangoni. Ziwa Tanganyika hupokea maji ya Malagarasi, ya Rusizi, na ya mito midogo inayoshuka milimani. Maji mengi ya ziwa hupotea kwa jua, lakini mlango wa kutokea kama mto ni mmoja tu, Lukuga, upande wa pili karibu na Kalemie nchini Kongo. Henry Morton Stanley alipofika pale mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye maji yalikivunja kizuizi kile na ziwa likashuka mita kadhaa, ndiyo sababu pale Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Na miaka ya karibuni, mvua zilipoleta maji mengi kuliko yanayoweza kutoka, watoto wa Kibirizi na Katonga waliona wenyewe ziwa likipanda na kuingia kwenye nyumba za watu.

Mama au baba akae na mtoto jioni moja, pasipo na haraka wala wageni. Achukue mwanasesere wa matambara na mrija wa kunywea juisi. Amweleze mtoto habari ya ziwa, kisha amwambie: "Mwanangu, kichwa cha kila mtu kina maji yake. Ulipokuwa mdogo sana, mlango wa maji yako uliziba, yakapanda, kichwa chako kikauma. Daktari akakutengenezea Lukuga yako." Ashike kidole cha mtoto akipeleke taratibu nyuma ya sikio, juu ya kile kinundu. "Inaanzia hapa. Inapita hapa shingoni. Inateremka mpaka huku tumboni." Kisha mtoto aupitishe mrija ule kwa mwanasesere mwenyewe, aushone au aufunge kwa uzi kutoka kichwani hadi tumboni. Amfunge bandeji. Amwambie mwanasesere asiogope.

Hapo maswali yatakuja. Nilifanya nini nikaziba? Hukufanya kitu, mwanangu, ulikuwa mchanga. Ni kosa lako, mama? Hapana, wala si langu. Mpira utatolewa lini? Huenda ukaishi nao siku zote, na ukiharibika daktari ataurekebisha au ataweka mwingine. Nitakufa? Swali hili huwashtua wazazi wengi, na wengi hulijibu kwa ukali. Jibu la kweli lipo na halitishi: mpira ndio unaokulinda, na ndiyo maana tunataka utuambie haraka ukihisi vibaya. Usimwahidi mtoto jambo usiloliweza. Ukimwambia hatachomwa tena sindano, kisha akachomwa, umepoteza imani yake kwa miaka mingi ijayo, na imani hiyo ndiyo utakayoihitaji usiku wa kumkimbiza hospitali.

Maelezo haya hayamalizwi kwa siku moja. Mtoto wa miaka mitatu au minne hahitaji zaidi ya kujua kwamba ana mpira mwilini, kwamba ni wake, ni mzuri, na hauchezewi. Mtoto wa miaka mitano hadi saba anaweza kuonyesha unakopita na kutaja dalili zake kuu. Akifika miaka minane au tisa ajue jina la hospitali alikofanyiwa, na kwamba kufunga choo kwa siku nyingi kunaweza kuuzuia mpira usimwage maji vizuri tumboni, hivyo matunda, mboga na maji ya kunywa ni sehemu ya matibabu yake. Akikaribia ujana aingie chumba cha daktari na kujibu maswali yeye kwanza, mzazi akikamilisha. Huduma za VVU nchini kwetu zimetufundisha jambo hili: watoto wanaotumia dawa huelezwa hali yao hatua kwa hatua kadiri umri unavyoruhusu, kwa sababu anayejua kwa nini anameza dawa huimeza. Hekima hiyo hatuna sababu ya kumnyima mtoto mwenye mpira.

Juu ya yote hayo, awe na sentensi moja anayoijua kwa moyo kama anavyojua jina lake: "Nina mpira kichwani. Kichwa kinaniuma na ninatapika. Naomba daktari auangalie mpira wangu." Afanyishwe mazoezi ya kuisema kwa sauti, mbele ya mjomba, mbele ya mwalimu, mpaka aibu iishe. Kama bibi anayeshinda naye ni mtu wa Kiha zaidi kuliko Kiswahili, aelezwe kwa Kiha, na mtoto aijue sentensi hiyo kwa Kiha pia. Mkobani mwake kuwe na karatasi ndogo iliyofungwa kwenye nailoni: jina, tarehe ya upasuaji, hospitali, namba za simu za wazazi. Karatasi ya kuruhusiwa ipigwe picha na kutunzwa kwenye simu ya mama, ya baba na ya ndugu mmoja wa karibu, maana karatasi hupotea na nyumba hufurika.

Maneno mengine yaachwe kabisa. Asiitwe kichwa maji hata kwa utani. Asitishiwe kwamba akikosea atapelekwa kwa daktari akachomwe. Asifungiwe ndani kama yai. Kidonda kikishapona, kucheza, kukimbia na kuoga ziwani pamoja na wenzake ni sehemu ya utoto wake, na kuhusu kupiga mbizi au michezo ya kugongana vichwa daktari wake aulizwe. Na kama anahitaji kufanyiwa upasuaji tena, asichukuliwe kwa hila ya kwamba mnakwenda kumsalimia babu. Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka hapa wengi huanzia Hospitali ya Maweni, wakapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, mwisho wa pili wa reli yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Katika njia ndefu kiasi hicho mtoto ana muda wa kutosha kuelezwa: nywele zitanyolewa kidogo, utapewa dawa ya kulala, ukiamka utaona bandeji na kichwa kitauma siku chache, na mimi nitakuwepo. Ajue kabla ya kufika mlangoni, si baada ya kushikwa mikono na miguu.

Nimesema mama au baba, na nataka kukaa kidogo kwa baba, kwa sababu akina baba wengi hujiweka kando na jambo hili. Historia ya kifaa chenyewe inawasuta. John Holter alikuwa fundi huko Philadelphia, Marekani. Mwanawe alizaliwa mwaka 1955 akiwa na mgongo wazi, na maji yakajaa kichwani. Holter alipoelezwa na daktari wa mtoto, Eugene Spitz, kwamba vali zilizokuwepo zilikuwa zinafeli, alijifungia kwenye karakana yake na kutengeneza vali ya silikoni iliyoanza kutumika mwaka 1956. Mtoto wake alifariki akiwa bado mdogo, lakini vali hiyo imeokoa watoto wa watu wengine dunia nzima.

Miaka minne baada ya vali hiyo kuanza kutumika, mwaka 1960, gari la teksi liligonga kigari cha mtoto wa mwandishi Roald Dahl huko New York. Dahl huyu aliwahi kuishi Dar es Salaam kati ya mwaka 1938 na 1939, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta. Mtoto wake aliumia kichwa, akawekewa mpira, ukawa unaziba kila mara. Dahl alimtafuta Stanley Wade, fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa London, na mwaka 1962 wakawa wamepata vali mpya ambayo iliwekwa kwa watoto karibu 3,000. Hawakuchukua faida. Baba wa Mwanga hatakiwi kuvumbua vali. Anatakiwa kukaa mkekani na kusema, huu ni mpira wako, na mimi baba yako naujua.

Shule nayo ina wajibu wake. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa mwanzoni mwa mwaka, awaeleze, na awaachie maandishi. Mwalimu ajue kwamba mtoto huyu hapigwi kofi la kichwa wala hasukumwi, na kwamba akilalamika kichwa na kutapika, simu inapigwa nyumbani saa ileile. Kuhusu wenzake darasani, uzoefu wa maisha unaonyesha kwamba watoto hucheka kinachofichwa kuliko kinachoelezwa. Mtoto anayeweza kusema kwa utulivu kwamba huu ni mrija wa maji na uliwekwa na daktari amewanyima wenzake nafasi ya kubuni.

Hospitali zetu pia naziomba kitu. Madaktari wa upasuaji wa ubongo ni wachache na foleni ni ndefu, hilo tunalijua. Lakini dakika kumi za muuguzi siku ya kuruhusiwa, na karatasi ya Kiswahili yenye mchoro ambao mtoto atauelewa akikua, ni gharama ndogo ukilinganisha na upasuaji wa dharura wa mtoto aliyecheleweshwa. Zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, pamoja na vile vya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, viweke swali la mpira katika maswali ya kwanza kwa kila mtoto mwenye homa, kichwa na kutapika. Chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, kinachojulikana kama ASBAHT, kipo nchini; wazazi wa Kigoma wakitafute, kwa sababu mama aliyekwisha kupita njia hii humfundisha mwenzake mambo ambayo daktari hana muda wa kuyasema.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hana haki ya kuingizwa katika mambo ya matibabu, yeye ni wa kutibiwa tu. Sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Huwezi kushiriki katika jambo ulilofichwa. Na mahitaji haya yataongezeka. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wasiosikia. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huweka betri za moyo. Kila mwaka tutakuwa na watoto zaidi wanaokwenda shule wakiwa na kifaa mwilini. Taifa linalowawekea watoto vifaa hivi lazima liwafundishe watoto hao kuishi navyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama mwanao ana mpira na hujamwambia, mwambie juma hili. Usisubiri aulize, na akiuliza usimfukuze akacheze. Muonyeshe unakopita, mfundishe dalili zake, mpe sentensi yake, kisha umpeleke kwa mwalimu wake mkaiseme pamoja. Na wewe mhudumu wa afya, mtoto wa miaka saba akisimama mbele ya meza yako peke yake na kukuambia ana mpira kichwani, mwamini na umpime.